Mtoto wa Herufi T

Bwana Bumble ni mtumishi wa parokia. Katika Oliver Twist, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa sehemu kati ya 1837 na 1839, ndiye mwenye koti la mapambo na kofia kubwa ya cheo, na ndiye anayewapeleka yatima wa parokia huku na huko. Siku moja mama anayewalea watoto hao anamuuliza imekuwaje Oliver akawa na jina, ilhali mama yake alifia katika nyumba ya maskini mara tu alipojifungua na hakuna aliyejua alikotoka. Bumble anajibu kwa fahari kwamba jina hilo amelitunga yeye. Watoto wasio na wenyewe huwapa majina kwa kufuata alfabeti. Aliyetangulia aliangukia herufi S, akaitwa Swubble. Huyu aliangukia T, akaitwa Twist. Atakayefuata ataitwa Unwin, na wa baada yake Vilkins. Majina yako tayari hadi mwisho wa alfabeti, na herufi zikiisha ataanza tena upya.

Kwa miaka 17 nimekuwa nikiandika daftari la ubatizo la usharika wetu, na kila nisomapo ukurasa huo nasimama. Bumble hamchukii Oliver. Hana hata kisa naye. Ana utaratibu, na ni utaratibu mzuri: haumsahau mtoto, haurudii jina, haumpotezei mtu muda. Mwenye daftari yeyote atamwelewa. Tena usisahau, msomaji mpendwa, kwamba huyu si mtumishi wa serikali ya mbali, bali wa parokia, jirani na altare. Sheria ya Maskini ya 1834 ilikuwa imewabana wenye shida ndani ya nyumba zile, na Dickens aliandika akiwa na hasira nayo. Lakini katika ukurasa huu hasira imevaa kicheko. Yule mama mlezi anamsifu Bumble kuwa ni mtu wa fasihi hasa, na hapo mwandishi anajicheka mwenyewe, maana kutunga majina ilikuwa kazi yake. Dickens aliweka hata daftari la kumbukumbu lenye orodha za majina ambayo huenda yangemfaa siku moja.

Vitabu hivi nilivisoma kwanza katika vile vijitabu vilivyofupishwa vya shule. Baadaye nilivikuta vizima katika maktaba ya chuo cha ualimu, vimekaa rafu ya chini kabisa bila kuazimwa na mtu, kisha nikafundisha Kiingereza sekondari hadi nilipostaafu. Wenzangu katika baraza la wazee wa kanisa wameniuliza zaidi ya mara moja hadithi za Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, zina nini cha kumjenga Mkristo wa leo. Sina jibu la jumla. Nina majina tu.

Yako ya kuchekesha, na hayo ndiyo watu huyakumbuka kwanza. Katika Hard Times yupo mwalimu aitwaye M'Choakumchild. Litamke jina hilo polepole nawe utasikia mtoto akikabwa koo. Katika Barchester Towers ya Anthony Trollope, iliyotoka 1857, yupo mchungaji maskini aitwaye Quiverful, yaani Podo Tele, na ana watoto 14. Anayeijua Zaburi ya 127, inayofananisha watoto na mishale ndani ya podo, hahitaji kuelezwa utani uko wapi. Hucheka, nami hucheka, kisha napita. Majina ya namna hii ni kama yale ambayo wanafunzi huwabandika walimu wao. Mimi niliitwa Nukta, kwa sababu ya kalamu nyekundu, na sikuwahi kulikana. Lakini jina la namna hiyo limekwisha kumhukumu mtu kabla hajafungua kinywa. Ukishajua kwamba mwalimu ni Mkaba-Mtoto, huna tena haja ya kumsikiliza.

Yale yaliyonikaa moyoni ni ya aina nyingine. Ni yale ambayo ndani ya kitabu chenyewe kuna mtu anayempa mwenzake jina, au anayemnyang'anya.

Mwaka 1854, katika hiyohiyo Hard Times, Dickens alimrudisha Bumble kwa sura nyingine. Bwana Gradgrind, mtu wa takwimu na vipimo, anaingia darasani, ananyoosha kidole, anamwita msichana namba 20. Msichana anasimama na kusema anaitwa Sissy Jupe. Anaambiwa Sissy si jina, ajiite Cecilia. Anajibu kwa woga kwamba baba yake ndiye amwitaye Sissy. Basi baba yake hana haki hiyo, anaambiwa. Kisha anatakiwa aeleze farasi ni nini, naye, aliyekulia katika kambi ya sarakasi miongoni mwa farasi, anakosa la kusema. Mvulana mwingine anataja idadi ya meno ya mnyama huyo, anasifiwa.

Nimesimama mbele ya madarasa yenye wanafunzi 60 na zaidi, kwa hiyo sina dharau kwa namba. Namba za mtihani zina kazi yake. Kinachoniuma ni kwamba Gradgrind anafikiri analisahihisha jina. Cecilia ni jina zuri, la mtakatifu shahidi, na pengine ndilo lililoandikwa mahali fulani kwa wino. Lakini mtoto haitikii wino. Katika Yohana sura ya 10 Bwana wetu anasema juu ya mchungaji awaitaye kondoo wake mmojammoja kwa majina yao, nao wanaijua sauti yake. Naamini kondoo yule angeitika kwa Sissy. Na nyumba ya Gradgrind inapoporomoka, binti amerudi kutoka ndoa iliyomshinda na mwana ameiba benki, anayewashika mkono wote wawili ni namba 20.

Waandishi hao walikuwa wameilewa Biblia tangu utotoni, hata wale walioiacha imani ukubwani, na majina ya Maandiko yaliwatoka kama pumzi. Si kila mara kwa heshima. Uriah Heep wa David Copperfield, yule mnafiki mwenye viganja vya jasho anayejitangaza kila dakika kuwa ni mnyonge, amebeba jina la Uria Mhiti, ambaye katika 2 Samweli 11 ndiye pekee aliyekuwa mnyofu katika nyumba yote ile ya mfalme. Dickens alimpa kijana mwema jina la Daudi na mwovu jina la Uria. Mimi bado namwonea Uria huruma. Scrooge naye, bahili wa A Christmas Carol ya 1843, jina lake la kwanza ni Ebenezer, lile jiwe ambalo nabii Samweli alilisimamisha kuwa kumbukumbu ya msaada wa Bwana, 1 Samweli 7. Watu wamelisahau hilo, maana Scrooge imekuwa neno la kamusi lenye maana ya mchoyo. Lakini kinachomvunja mzee yule mwishoni ni jiwe: anaoneshwa kaburi lisilotunzwa, na juu yake jina lake lote.

Kwa Abel Magwitch hapana mzaha. Ni mfungwa mtoro wa Great Expectations, riwaya ya 1860 na 1861, ambaye mtoto Pip alimpelekea chakula na tupa ya kukatia pingu huko kwenye vinamasi. Miaka mingi baadaye anarudi kwa siri kutoka Australia alikohamishiwa, ingawa kurudi ni kifo, na anamsimulia Pip maisha yake. Kumbukumbu yake ya kwanza ni kuiba mboga shambani huko Essex ili ale. Kuna mtu alikuwa naye, fundi wa kuziba masufuria. Huyo alimkimbia akaondoka na moto, akamwacha mtoto kwenye baridi. Jina lake alijuaje? Anasema alilijua kama alivyojua majina ya ndege wa vichakani. Angeweza kudhani yote ni uongo, lakini kwa kuwa majina ya ndege yalikuwa kweli, akadhani na lake litakuwa kweli.

Hebu fikiri. Mtu amebatizwa Habili, na hana hata mmoja wa kumwambia Habili alikuwa nani, wala kwamba damu ya Habili, Mwanzo 4, haikunyamaza ardhini. Jina limekaa juu yake kama ndege juu ya mti. Anayelichukua kwa uzito ni Pip peke yake, na hilo linatokea mwishoni, mzee akiwa mahututi gerezani. Pip anamnong'oneza kwamba binti yake, aliyemhesabu kuwa amekufa utotoni, yu hai. Kisha anakumbuka wale watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Luka 18, na anaomba sala ya mtoza ushuru, ila anabadili neno: mtoza ushuru alijiombea mwenyewe, Pip anamwombea mzee.

Siku moja nilimsomea mchungaji wetu sehemu hiyo, kwa kuitafsiri papo hapo. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama Dickens alikuwa mtu wa kusali. Nilimwambia aliwaandikia watoto wake maisha ya Yesu, akakataza kitabu hicho kisichapwe akiwa hai, na kweli hakikuchapwa hadi 1934, miaka 64 baada ya yeye kufa.

Nikitaka kufurahi namwendea George Eliot. Huyo alikuwa mwanamke, Mary Ann Evans, aliyejitungia jina la kiume la kuandikia. Aliiacha imani ya Kikristo akiwa kijana, na bado hakuna ubatizo katika riwaya zote nilizosoma ninaoupenda kuliko ule wa Silas Marner, kitabu cha 1861. Silas ni mfuma nguo. Rafiki yake wa kanisani alimsingizia wizi, waumini wakapiga kura kutafuta mwizi, kura ikamwangukia yeye asiye na hatia. Akahama mji, akaacha na Mungu. Miaka 15 anaishi peke yake kijijini Raveloe akihesabu sarafu zake za dhahabu kila usiku, hadi zinaibwa. Kisha usiku wa kuamkia mwaka mpya, mama mmoja anakufa kwenye theluji karibu na kibanda chake, na mtoto wake anatambaa kuufuata mwanga, anaingia mlangoni, analala mbele ya moto. Silas haoni vizuri. Akiona nywele za manjano anadhani dhahabu yake imerudi. Ananyoosha mkono aiguse, vidole vinakuta nywele laini.

Jirani, mama Dolly Winthrop, anamshauri mtoto abatizwe. Silas hajui hata neno hilo lina maana gani kwa watu wa kijiji kile, maana kwao walisema kwa namna nyingine. Ila jina analo. Mama yake aliitwa Hephzibah, na mdogo wake aliyekufa akapewa hilohilo. Dolly anasita: jina gumu hilo, ni la Kikristo kweli? Silas anasema limo katika Biblia. Nasi tunalijua kama Hefsiba, Isaya 62, ambapo mji ulioitwa Ulioachwa unapewa jina jipya lenye maana kwamba Bwana anaufurahia. Nyumbani walimwita yule mdogo wao Eppie kwa kifupi. Basi mtoto akawa Eppie. Kasisi hakujua kama mama yake alikuwa amembatiza tayari, akaona heri kubatiza mara mbili kuliko kutobatiza kabisa. Na siku hiyo Silas, aliyekuwa ameishi Raveloe miaka yote ile bila kukanyaga kanisani, akajisafisha akaingia.

Sikuwahi kuona mahali pengine namna jina linavyoweza kuwa kitu cha kurithishwa kama shuka. Mtu aliyeibiwa kila kitu alikuwa bado na jina moja la marehemu wake, akalitandaza juu ya mtoto wa mtu asiyemjua.

Na mtu akikosa shuka?

Mwaka 1891 Thomas Hardy alitoa Tess of the d'Urbervilles. Tess ni binti wa nyumba maskini, na amezaa baada ya kutendewa uovu na mwanamume mwenye mali. Usiku mmoja mtoto anazidiwa. Baba wa Tess hataki mchungaji aingie nyumbani kuona aibu yao; anafunga mlango, anatia ufunguo mfukoni, analala. Basi Tess anawasha mshumaa, anawaamsha wadogo zake, anawapigisha magoti kuzunguka beseni, mmoja anamshikia Kitabu cha Sala, na msichana huyo aliyevaa gauni la kulalia anambatiza mwanawe mwenyewe. Jina hakuwa amelifikiria. Linamjia palepale katikati ya ibada, kutoka Mwanzo, mahali Hawa anapoambiwa atakavyozaa. Biblia yetu hapo ina neno utungu. Ile ya Kiingereza aliyoisoma Tess ina neno sorrow, yaani huzuni. Mtoto akawa Sorrow. Kulipopambazuka alikuwa amekufa. Gazeti lililoitoa riwaya hiyo kwa sehemu halikuwa na sura hii. Hardy aliitoa peke yake katika jarida jingine mwaka huohuo.

Majina ya namna hiyo tunayo. Tabu, Shida, Mashaka, Majuto: nimeyaandika yote katika daftari letu. Kuna wakati baraza la wazee lilijadili kama tuyakatae, wazazi waagizwe kuleta jina la Biblia, au walau la furaha, kama Neema au Baraka. Ilitokana na binti mmoja aliyeleta mtoto bila baba, na jina alilolichagua lilikuwa moja ya hayo. Mzee mmoja alisema kwa upole mwingi kwamba tusimtundike mtoto shingoni dhiki ya mama yake. Ni hoja nzito, sikuidharau. Nilisema tu kwamba tukitaka jina la Biblia, basi Yabesi limo, 1 Nyakati 4, na mama yake alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni. Na kwamba Yabesi mwenyewe ndiye aliyemwendea Mungu baadaye akaomba huzuni isimpate, akapewa aliloomba. Raheli naye akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akambadilishia, akamwita Benyamini. Lakini Yakobo alikuwa baba yake, si baraza.

Mchungaji alimwita yule binti, akazungumza naye peke yao, akarudi akasema atambatiza kwa jina alilolileta. Nikaandika. Huyo mtoto sasa yuko darasa la nne na hufika shule ya Jumapili kabla ya mwalimu.

Nirudi kwa Tess. Anamwendea mchungaji wa kijiji kumuuliza jambo moja: je, ubatizo ule wa usiku ni sawasawa na kama angembatiza yeye? Mchungaji anapambana na nafsi yake, ya kanisa na ya ubinadamu, kisha anasema ni sawasawa. Basi atamzika kwa ibada ya Kikristo? Hapo anakwama. Hawezi, ana sababu zake. Tess analia, na mwisho mchungaji anasema tena kwamba hata bila maziko hayo, kwa mtoto itakuwa sawasawa. Wakamzika usiku kwa mwanga wa taa. Mchimba kaburi alilipwa shilingi moja na bia, na kaburi likawa katika ile kona ya viwavi walikozikwa walevi, waliojiua na watoto wasiobatizwa. Tess akafunga vipande viwili vya ubao kwa uzi kuwa msalaba, akaweka maua katika chupa tupu ya jemu.

Wasomaji wengi humlaumu mchungaji huyo. Mimi nilimsoma kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nimeshakutana na neno lake.

Mimi na mume wangu tulizaa mtoto wetu wa kwanza mwaka 1984. Aliishi siku mbili. Hospitalini walimfunga kitambaa mkononi kilichoandikwa Mtoto wa, kisha jina langu. Kwa desturi ya kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na bibi mwenyewe ndiye humpakata akalitamka. Mama mkwe alikuwa safarini kuja. Alifika Jumamosi asubuhi, na mtoto alikuwa amefariki Ijumaa usiku. Jina lilikuwepo, halikutamkwa. Mwinjilisti hakuja mazikoni, maana utaratibu wa wakati ule kwa mtoto asiyebatizwa haukumruhusu, ila jioni alipita nyumbani bila joho, akakaa nasi, na wakati wa kuondoka akasema, akiwa ameshika kofia yake, kwamba kwa Mungu ni sawasawa. Neno lilelile. Wakati huo nilikuwa sijamsoma Hardy. Nilipokuja kumsoma, miaka sita baadaye, nilijua sauti ya mtu anayesema kweli na mikono yake imefungwa.

Msichana aliyefuata alipewa jina la bibi yake, akalibeba vizuri, leo ni mama. Kwa hiyo yule wa kwanza alibaki bila hata lile lililomngojea. Tulikuwa tukimtaja kwa kusema yule wetu.

Mwaka 2009, mama mkwe alipokwisha kufariki, tulimleta fundi ajengee makaburi ya nyumbani, nyuma ya migomba. Alipofika kwenye lile dogo akauliza aandike nani. Mume wangu alitaka tumpe jina siku ileile. Alikuwa na moja tayari, zuri, na nadhani alikuwa nalo tangu mwanzo. Mimi nilikataa. Nilimweleza habari za Bumble: nilisema sitaki mwanangu apewe jina kwa sababu ya jiwe kutaka kujazwa. Akaniambia nimesoma vitabu vingi mno. Tulibishana karibu wiki nzima huku fundi akilipwa kwa siku. Na usidhani hoja yangu ilikuwa safi. Katika vitabu hivyohivyo nilivyokuwa nikivitegemea yupo Helen Burns wa Jane Eyre, ambaye kaburi lake lilikaa miaka 15 bila alama, kisha likawekewa jiwe lenye jina lake na neno moja la Kilatini, Resurgam, nitafufuka. Charlotte Brontë, aliyeandika hayo mwaka 1847, alikuwa amewazika dada zake wawili, Maria na Elizabeth, mwaka 1825, wote wawili baada ya kurudishwa wagonjwa kutoka shule ya bweni. Alijua anachofanya alipompa Helen jiwe. Mume wangu hakumsoma Brontë, lakini alikuwa upande wake.

Tulipatana kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeianza nayo. Pale pana tarehe mbili na neno Wetu. Fundi aliuliza mara mbili kama hatukusahau neno jingine.

Baadaye tu ndipo nilipokumbuka kwamba Oliver Twist inaishia kwenye jiwe. Katika kanisa dogo la kijijini, karibu na altare, pana kibao cheupe cha marumaru chenye neno moja, Agnes, jina la mama yule aliyefia katika nyumba ya maskini bila kujulikana. Chini yake hakuna jeneza. Mama ana jina na hana kaburi. Wetu ana kaburi. Mtoto wa herufi T ndiye aliyebaki kati yao, na jina la Bumble hakulivua hata alipojua baba yake alikuwa nani. Kitabu kizima kinaitwa kwa jina hilo, nasi tunalitamka kwa upendo, jambo ambalo mtunzi wake mwenye koti la mapambo hakulikusudia kamwe.

Yupo mtoto mmoja zaidi, na huyo ndiye niliyemfundisha mara nyingi kuliko wote. Katika Bleak House, riwaya ya 1852 na 1853, Jo ni mvulana afagiaye matope njia panda huko London ili watu wavuke. Panapofanyika uchunguzi wa kifo cha mtu mmoja, anaitwa kutoa ushahidi. Anaitwa Jo, basi. Hana habari kwamba kila mtu ana majina mawili. Hana baba, hana mama, hajui kusali. Kwa kuwa hawezi kuapa, wanamweka kando. Marehemu mwenyewe alijiita Nemo, neno la Kilatini lenye maana ya Hakuna Mtu, naye ndiye alikuwa akimpa Jo senti alipokuwa nayo, na asipokuwa nayo alimwambia kwamba leo naye ni maskini kama yeye.

Jo anapokuwa kufani, daktari kijana, Allan Woodcourt, anamuuliza kama alipata kujua sala yoyote. Hapana. Je, anaweza kusema atakayoyasema yeye? Jo anasema atasema lolote, kwa kuwa anajua litakuwa jema. Daktari anaanza Sala ya Bwana, kipande kwa kipande, na Jo anafuata. Wanafika ombi la kwanza. Daktari analisema lote. Katika Kiingereza neno jina huja mwisho wa ombi hilo, na Jo anakata roho kabla hajalifikia.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alinyoosha mkono hapo. Alisema daktari alikuwa ameshalitamka, kwa hiyo lilisemwa. Msichana wa dawati la nyuma akasema kwamba angekuwa anasali kwa Kiswahili, neno hilo lingekuwa la kwanza kinywani mwake.